Mchuzi Uliopashwa Mara Tatu

Watu wasioijua Kakamega hudhani huku jua linawaka mwaka mzima. Waje mwezi wa saba! Waje wasimame barabarani alfajiri, ukungu umelala juu ya mahindi, na baridi inawaingia mifupani bila kubisha hodi. Halafu wangoje mvua ya alasiri, ile yenye mawe, inayofika kila siku kama mtu aliyeajiriwa. Ndipo wataelewa kwa nini huku mwenyeji hakuulizi kwanza habari za kazi wala za siasa. Anakuambia, "Ingia, kuna kitu cha moto."

Na kwa vitu vya moto, Kageha hakuwa na mpinzani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye shamba dogo upande wa Sigalagala na mdomo usiokaa na neno. Mrenda wake, ile mboga ya kuteleza, ulishuka kooni wenyewe. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akaweka majivu yake kwenye kibuyu kilichotobolewa, akayamwagia maji polepole, na yale yaliyodondoka chini ndiyo yaliyokuwa chumvi ya kulainishia mboga ngumu. Viazi vitamu alivipondaponda na maharagwe mpaka mtu akasahau kuwa alikuja kuomba jembe. Lakini kilichompa jina ni mchuzi wa kuku.

Na kichekesho ni kwamba mchuzi wenyewe hakuwahi kuuonja. Enzi zake mwanamke hali kuku. Kumkimbiza ni yeye, kumnyonyoa ni yeye, kupuliza kuni mbichi machozi yanamtoka ni yeye, kisha firigisi iende kwa mzee, mapaja yaende kwa wageni, naye abaki na harufu. Nani alitunga sheria hiyo? Bila shaka hakuwa mpishi. Kageha aliishika tu, na chumvi akaipima kwa pua.

"Ikifika mahali pake, inanukanga tofauti," alisema, na hakuna siku iliyowahi kuzidi wala kupungua.

Binti yake wa pekee, Jescah, aliyesomea kwa masista wa Mukumu na kula kuku tangu darasa la tano, alimcheka sana. "Mama, wewe unaandika barua usizojua kuzisoma."

"Zisome wewe," Kageha alijibu. "Mimi nimekusomesha kwa sababu hiyo."

Jescah aliolewa na Cornelius Mukhwana, kijana wa kutoka mbele ya Malava, karani katika ofisi za serikali mjini Kakamega. Uhuru ulipokuja, Cornelius alipewa meza iliyoachwa na Mzungu mmoja, akaanza kuvaa tai hata Jumamosi. Walikaa katika nyumba za makarani, vyumba viwili na ua, mapazia ya maua dirishani. Wangekuwa na raha yao. Lakini moyo wa Jescah ulikuwa na kasoro tangu homa moja ya utotoni, na mwaka huo wa sitini na nne ukaanza kushindwa. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi. Sista wa hospitali alimtibu wiki nyingi, kisha akawaita mume na shangazi mmoja akawaambia kweli bila kuizungusha: moyo umechoka, dawa ya kuurudisha hakuna. Mpelekeni nyumbani, ale anachokitamani, akae na watu wake.

Anachokitamani! Angetaka nini tena, kama si mchuzi wa mama yake? Chakula kingine chote kilimrudi. Chai ilimrudi, mkate ulimrudi, hata uji.

Hapa ndipo penye shida, na asiyetoka huku aelezwe mapema asije akamlaumu mtu bure. Mama hamkaribii mkwe wake, mume wa binti yake. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja wao hukatia vichakani kana kwamba ameona nyoka. Mama hali nyumbani kwa mkwe wala haketi humo, sembuse kuingia chumba chenye kitanda chao. Si chuki, jamani. Ni heshima, na heshima hiyo inaitwa soni. Kageha aliitunza soni yake kuliko alivyotunza viatu vyake vya kanisani. Tangu harusi, miaka miwili mizima, hakuwa amevuka kizingiti cha Cornelius, na sura ya kijana huyo aliijua zaidi kwa picha ya ukutani kwake.

Siku ya kwanza alipoleta mchuzi mjini alitembea kuanzia alfajiri, chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba ndani ya kikapu, kikapu kichwani. Alipofika kwenye nyumba za makarani akasimama kwenye mvua, mbali na mlango, asijue afanye nini.

Mwanamke mmoja mwenye leso kichwani alimchungulia kutoka jiko la nje. "Mama, mbona umesimama hapo kama kigingi?"

"Nangoja binti yangu atoke."

"Jescah? Yuko ndani, mgonjwa. Si uingie?"

"Kwa mkwe?" Kageha alisema, na alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

Yule mwanamke alishika mdomo, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Astaghfirullah, nilisahau mambo yenu. Basi ingia kwangu. Mimi si mkwe wa mtu hapa."

Huyo alikuwa Ashura, mzaliwa wa Matungu, mke wa Sulemani aliyeendesha lori la serikali. Jiko lake lilitazamana na mlango wa Cornelius, hatua kumi tu, na kati yake ilipita njia nyembamba ya kutokea barabarani. Siku hiyo Jescah alivuka ua akiwa amejifunika blanketi, Ashura amemshika kiwiko, akaja kuketi kwenye kigoda karibu na meko. Na tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumanne na kila Jumamosi, Kageha na chungu chake jikoni kwa Ashura.

Kama kuna raha iliyobaki duniani mwezi ule, ilikuwa humo jikoni. Nje mawe ya mvua yanapiga mabati mpaka watu wanaongea kwa kupiga kelele. Ndani moshi, moto, harufu ya kuku, na viazi vinachomeka taratibu kwenye majivu. Kageha alikuwa ameanza kumpelekea Husseini mwenye duka kule Sigalagala kuku wake awachinje kwa kisu chake na dua yake, ili Ashura naye asibaki kutazama. Ashura alipojua hilo, siku hiyo hiyo alimpa Kageha leso mpya.

Lakini kwa mapishi hawakupatana hata kidogo. Ashura aliteka mchuzi wake pembeni, akatia tangawizi, pilipili manga na limau.

"Unaharibu kuku wa watu," Kageha alilalamika. "Huyu sasa ni dawa ya mafua."

"Na wako ni maji ya kuku aliyeoga," Ashura alijibu. "Hata kuonja huonji! Utajuaje?"

"Jescah aamue."

Jescah aliletewa vikombe viwili. Alikunywa kimoja, akafumba macho, akanywa cha pili, akafumba tena, akiwaacha wote wawili roho juu. "Wa Ashura unaamsha," alisema. "Wa mama unalaza. Mimi nataka kulala."

"Haya! Umesikia?" Kageha alipiga kofi pajani.

Alimmegea binti yake obusuma, ugali wa wimbi, tonge dogo kama la mtoto, akalichovya kwenye mchuzi na kumtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Jescah alitafuna polepole. Mashavu yalipata rangi kidogo. Akala matonge mawili zaidi, matatu, na Kageha akayahesabu moyoni kama mtu anayehesabu siku. Chakula kilichopita mkononi mwa mama yake hakikumrudi. Kile alichojilisha mwenyewe kilimrudi. Masista wangeweza kueleza kwa nini, au wasingeweza, Kageha hakuwauliza.

Wiki ya nne Jescah hakuweza tena kuvuka ua.

Hatua kumi! Ashura ndiye aliyezivuka sasa, bakuli mkononi, na Kageha akabaki kwenye kigoda akisikiliza kikohozi cha mtoto wake kupitia ukuta. Mara ya kwanza bakuli lilirudi nusu. Mara ya pili lilirudi kama lilivyokwenda, utando wa mafuta umeganda juu. Jumanne ya mwisho wa mwezi Ashura alirudi nalo akaliweka chini bila kumtazama Kageha.

"Amesema nikwambie hivi, mama. Mkono wangu anaushukuru, lakini si wako. Anataka uje umnyweshe mwenyewe. Jumamosi."

Kageha alichukua kijiti akaanza kuchokora moto ambao haukuhitaji kuchokorwa.

"Cornelius niachie mimi," Ashura alisema. "Nitamwambia Jumamosi atoke. Huyo ni kijana mwelewa."

"Nyumba ni yake. Nani atamfukuza mtu nyumbani kwake kwa ajili yangu?"

"Hafukuzwi. Anapisha."

Kageha aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Siku mbili hakulala vizuri. Alipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Alhamisi jioni alikata shauri akaenda kwa Priscah, mke wa shemeji yake mkubwa, mama wa kanisa aliyejua mila zote na zile za kanisa juu yake, na ambaye neno lake katika ukoo halikuvukwa.

"Kuingia?" Priscah alisema. "Yeye akiwamo?"

"Akiwa ametoka."

Priscah alifikiri sana. "Akitoka, haya. Mtoto ni mgonjwa, Mungu ataangalia pembeni. Lakini uhakikishe ametoka, Kageha. Ukamkute mkwe wako kitandani kwake, utaliweka wapi jina la marehemu mume wako?"

Kageha alirudi nyumbani mwepesi. Basi ameruhusiwa! Ijumaa alimshika jogoo aliyekuwa akimweka kwa Krismasi. Alimpika usiku kucha kwa moto mdogo, akampima kwa pua mara kumi. Jumamosi asubuhi akaoga, akavaa gauni la kanisani, kwa sababu leo anaingia nyumbani kwa binti yake kwa mara ya kwanza, hata kama ni kwa dakika chache, hata kama ni kwa sababu hiyo. Njiani alijipangia yote: atamkalisha hivi, atamwegemeza kifuani hivi, kijiko cha kwanza kiwe kidogo.

Alifika saa saba kasoro. Jiko la Ashura lilikuwa limefungwa kwa kamba. Mildred, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akitoka na mahindi yake kwenda kusaga, alimpigia kelele kutoka kwenye njia. "Ashura ameenda Matungu tangu jana, mama yake amezidiwa! Amesema ufungue tu, kuni zipo!" Akaenda zake, maana mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya miti.

Kageha akafungua, akawasha moto, akaweka chungu. Moshi ukapanda, ukatoka. Kisha akasimama mlangoni kuangalia ng'ambo.

Baiskeli ilikuwepo.

Baiskeli nyeusi ya Cornelius, imeegemea ukuta pale pale karibu na mlango. Watu wote wa nyumba zile walijua: baiskeli ipo, mwenyewe yupo. Kijana huyo hakwenda hata dukani kununua kiberiti bila baiskeli yake.

"Atatoka," Kageha alijiambia. "Anafunga kamba za viatu." Akarudi kwenye kigoda.

Mchuzi ulichemka, akauteremsha. Mvua ikaanza, kwanza matone, kisha yote kwa pamoja. Baiskeli ikalowa. Hakuna aliyetoka. Mchuzi ukapoa, akaurudisha motoni. Alifikiria kumtuma mtu, lakini amtume nani kwenye mvua ile, na aseme nini? Mwambie mkwe wangu atoke nyumbani kwake? Alifikiria kwenda kuchungulia dirishani, na wazo lenyewe likamfanya ajifunike uso kwa leso, ingawa alikuwa peke yake. Mwanamke mzima achungulie chumba cha mkwe!

Ndipo alipomsikia. Kikohozi, kisha sauti.

"Mama!"

Haikuwa kubwa. Kageha aliruka wima, akafika mlangoni, mguu mmoja ukawa tayari uko nje kwenye maji. Na macho yake yakaangukia baiskeli. Mguu ukarudi.

Hasira ikampanda sasa. Si alikuwa ameambiwa huyu? Ashura si alimwambia? Mtoto anamlilia mama yake, mama yuko hatua kumi na chungu cha moto, na mtu mzima mwenye tai amekaa tu hapo kitandani kama gunia! Elimu yote hiyo! Meza ya Mzungu! Kumbe hata kupisha hajui. Alimtukana moyoni kwa Kiluhya, matusi ambayo hakuwa amemtolea mtu tangu mumewe afe, na kwa kuwa matusi yenyewe yalikuwa ya mama mkwe kwa mkwe, akatubu, kisha akamtukana tena. Angalau amwinue basi. Angalau ampe maji.

Mvua ikageuka mawe. Aliupasha mchuzi mara ya pili.

"Mama..."

Safari hii ilikuwa ya chini zaidi, na ndefu.

"Niko hapa, mwanangu," Kageha alijibu. Lakini alijibu kwa sauti ya soni, sauti ile ya kutosikika na mkwe, na mawe yalikuwa yakipiga mabati ya nyumba zote mbili. Hata yeye mwenyewe hakujisikia vizuri.

Baadaye mawe yaliisha, ikabaki mvua ya kawaida, na ng'ambo kukawa kimya. Hakukuwa na kikohozi. Kageha aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa jiko, akapumua. Amelala, alisema. Afadhali. Akilala saa moja ataamka na njaa, na kufikia hapo huyo mume wake atakuwa ameona haya ametoka. Aliupasha mchuzi mara ya tatu, akaongeza maji kidogo kwa sababu ulikuwa umepungua, akanusa, akatia chumvi ya ncha za vidole mara mbili. Ulinukia vizuri kuliko siku zote. Alikaa akiutazama, na kwa muda, Mungu amsamehe, alikuwa karibu kuwa na furaha.

Ilikaribia saa kumi na mbili aliposikia mtu akikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mwanamume, kikavu, cha makusudi. Kile wanachokohoa wanaume wa huku wakikaribia mahali penye mama mkwe, ili apate nafasi ya kuondoka. Kilirudiwa mara mbili. Na hakikutoka ndani ya nyumba. Kilitoka nyuma, kwenye bustani za mboga, nje ya uzio.

Kageha alielewa kabla hajasimama. Alivuka hatua zile kumi bila kujua amezivuka, gauni la kanisani kwenye matope, chungu mikononi, akausukuma mlango kwa bega.

Jescah hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, blanketi limemfuata nusu ya njia. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka mbele. Kageha aliweka chungu chini, akapiga magoti, akamgeuza, akamlaza mapajani. Alimshika mashavu. Bado yalikuwa na uvuguvugu, au labda ni viganja vyake mwenyewe vilivyotoka kushika chungu. Alimwita. Akamwita kwa sauti yake yote, sauti ya shambani, ambayo angeitoa saa tano zilizopita ingesikika mpaka sokoni.

Sauti hiyo ndiyo iliyomleta Cornelius mbio. Alisimama mlangoni akidondoka maji, tai imemganda shingoni. Hakugeuza uso. Kageha naye hakugeuza wake. Walitazamana kwa mara ya kwanza, na alikuwa mtoto tu, mtoto wa watu mwenye masikio makubwa, midomo inamtetemeka kwa baridi.

"Mama, mimi sikuwepo," alisema. "Nilipoona moshi jikoni kwa Ashura nikajua umefika. Nikamwambia Jescah, mama yako amekuja, natoka sasa ili aingie. Akafurahi. Nikapitia nyuma, kwenye mboga, nikaruka uzio. Niliogopa nikitokea mbele tutakutana njiani. Baiskeli haipiti huko. Nimekaa chini ya banda la seremala tangu saa saba, nikisema nikupe muda, usiharakishwe. Mama, si uliingia?"

Kageha alikitazama chungu, bado kimejaa mchuzi. Kijana alishuka pale pale mlangoni, akakaa kwenye matope, akalia kwa sauti.

Jescah alizikwa kwa mumewe, mbele ya Malava, siku ya Jumanne. Mvua ilisubiri mpaka watu wakamaliza. Baadaye wageni wa upande wa mke waliketishwa peke yao kama inavyotakiwa, na wa upande wa mume peke yao, chakula kikapitishwa, wali na maharagwe na kuku kwa wazee. Ashura alikuwepo, alikuwa amekuja na Sulemani moja kwa moja kutoka Matungu, macho yamemvimba, hajaambiwa bado kila kitu. Mzee mmoja wa Cornelius alisimama, akashukuru serikali, akashukuru kanisa, kisha akashukuru wakwe. Alisema katika dunia hii ya leo ambapo watoto wanajifanya Wazungu, ni vizuri kuona watu ambao bado wana adabu. Amesikia kwamba mama wa marehemu alimwuguza binti yake wiki zote hizo kwa mbali, bila kuvunja heshima ya nyumba.

"Hata siku ile ya mwisho!" Priscah aliitikia kwa nguvu, akainuka nusu ili aonekane. "Alikaa nje kwenye mvua saa tano nzima. Hakuingia kwa mkwe wake. Huyo ndiye mwanamke aliyelelewa!"

Wanawake wakapiga vigelegele vya chini, vile vya matangani. Mmoja akamsogelea Kageha na kumwekea mkono begani.

Kageha aliuondoa mkono huo, si kwa ukali. Alisimama. Alitafuta kwa macho upande wa wanaume mpaka akamwona Cornelius, na akasema akimtazama yeye, mbele ya watu wote, naye Cornelius hakuinamisha kichwa.

"Msinisifu," alisema. "Mtoto wangu aliniita mara mbili. Nilimsikia."

Priscah, aliyekuwa bado ameinuka nusu, akaketi. Yule mzee aliyekuwa akishukuru alibaki na kofia mkononi, asijue kama aketi au aendelee. Mtu alianza wimbo wa kanisa nyuma kule, akauacha kwenye mstari wa pili, na Kageha akaketi tena chini, miguu imenyooka mbele yake.